Namna ya Kuandika Historia ya Mkama Ndume, Mfalme wa Pujini

Aliyelelewa Pemba huwa amemsikia Mkama Ndume kabla hajajua kusoma. Husikia kwamba alikuwa mfalme wa Pujini, kwamba alijenga ngome, na kwamba ukatili wake haukuwa na mfano: watu waliomjengea, inasimuliwa, walitwishwa mawe vichwani na kulazimishwa kuyapeleka kwa kujikokota kwa makalio. Tabu huanza pale mwanafunzi wa skuli, mwalimu wa historia au kijana anayetembeza wageni anapotaka kuyaandika hayo. Ama huandika kila alichokisikia kama kilivyo na kukiita historia, ama huona haya, akaifuta hadithi yote na kubaki na maelezo mawili matatu kuhusu magofu. Mwongozo huu umekusudiwa yule anayetaka kuandika maisha ya mfalme huyu na athari aliyoiacha bila ya kufanya mojawapo ya hayo. Mashahidi wake ni wawili, masimulizi na mawe, na kila mmoja aachiwe aseme kwa kauli yake, hata pale wanapopishana.

Kuweka nyakati kwanza

Kabla ya kumwendea mzee yeyote, mwandishi ajitayarishie karatasi moja ya nyakati. Magofu ya Pujini yako upande wa mashariki wa kisiwa, kusini-mashariki ya mji wa Chake Chake. Yalichimbwa kitaalamu katika miaka ya 1990 na kundi lililoongozwa na Adria LaViolette wa Chuo Kikuu cha Virginia, na kazi hiyo ikaliweka boma lile katika karne ya 15. Tarehe hiyo ikae katikati ya karatasi. Juu yake yaandikwe yaliyotangulia: msafiri wa Kiarabu al-Mas'udi kufika Qanbalu, ambayo wanahistoria wengi wanaona ilikuwa Pemba, mwaka 916, maandishi ya Kikufi (mtindo wa kale wa hati ya Kiarabu) ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yenye mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107 Miladia, na msafiri Ibn Battuta kupita pwani hii mwaka 1331. Iongezwe pia hazina ya Mtambwe Mkuu iliyogunduliwa mwaka 1984, yenye sarafu za fedha zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa na majina ya watawala wa pwani hii hii. Chini yake yafuate yaliyokuja baadaye: Vasco da Gama mwaka 1498, Wareno kuzipiga Kilwa na Mombasa mwaka 1505, Ngome ya Yesu, ngome ya Wareno, kuanza kujengwa Mombasa mwaka 1593, na Wamazrui, ukoo wa Kiomani uliotawala Mombasa, kuitawala Pemba mpaka walipoondolewa na Mabusaidi, ukoo wa masultani wa Omani, mwanzoni mwa miaka ya 1820.

Karatasi hiyo si lazima iingie katika makala yenyewe. Kazi yake ni kumsaidia mwandishi kutambua nyakati zinapochanganyika. Msimulizi akieleza kwamba utawala wa Mkama Ndume ulimalizwa na Wareno, kauli hiyo inaingia vizuri katika nyakati zilizopo, kwa kuwa Wareno walifika pwani mwishoni mwa karne ile ile. Msimulizi akieleza kwamba mfalme aliwalazimisha watu kuchuma karafuu, hapo kuna jambo, kwa sababu kilimo cha karafuu kilienea Unguja na Pemba katika karne ya 19. Muhogo na mahindi nayo ni mazao ya Amerika, na hayakuwapo kisiwani wakati boma linajengwa. Kauli kama hizo zisifutwe. Ziandikwe pamoja na maelezo kwamba zimechukua rangi ya zama za baadaye, kwani zinaonyesha vipi watu walioonja shuruti za zama hizo walivyomtumia mfalme wa kale kuzielezea.

Karatasi hiyo hiyo inafichua jambo ambalo hadithi hulipita. Mkama Ndume hakuuanzisha ufalme Pemba. Alikikuta kisiwa ambacho kwa karne zisizopungua tano kilikuwa na miji, misikiti ya mawe na biashara ya ng'ambo. Anayeanza makala yake kwa kusema kwamba "hapo zamani Pemba ilikuwa pori mpaka alipokuja Mkama Ndume" amekwisha kukosea kabla hajafika sentensi ya pili.

Kumwendea msimulizi

Safari ya kwanza isiwe ya magofuni, iwe ya kwa sheha, yaani kiongozi wa shehia. Mwandishi ajieleze yeye ni nani, anatoka skuli au taasisi gani, na anataka nini. Kisha aombe aelekezwe kwa wazee wanaojulikana kwa kusimulia. Asubuhi wengi huwa shamba au baharini, na msimu wa karafuu ukiingia hakuna mwenye nafasi, basi baada ya alasiri ndio wakati mzuri. Piga hodi, toa shikamoo, uliza hali ya watu wa nyumbani, na usiharakishe kuitoa simu ya kurekodia. Ruhusa ya kurekodi iombwe kwa maneno ya wazi, na mwenyeji akikataa, daftari linatosha.

Maswali ndiyo yanayoharibu kazi nyingi. Kijana akiuliza, "Babu, ni kweli Mkama Ndume alikuwa mkatili?" atajibiwa ndiyo, na mazungumzo yataishia hapo, kwa sababu amekwisha kumpa mzee jibu lake. Aseme badala yake, "Babu, nisimulie khabari za Mkama Ndume kama ulivyosimuliwa," kisha anyamaze. Kunyamaza huku ni kazi hasa. Mzee akisita asisaidiwe neno, akirudia asikatizwe, na akiingiza hadithi nyingine isiyoonekana kuhusiana aachiwe mpaka amalize, maana mara nyingi uhusiano huonekana baadaye. Baada ya hapo ndipo yaulizwe maswali madogo madogo: alisimuliwa na nani, katika umri gani, wapi, na je, yule aliyemsimulia alikuwa mwenyeji wa Pujini au mtu wa kuja?

Hapa wanafunzi wa kwetu wamebahatika, kwa kuwa wengi wamepita chuo cha Kurani na wanajua isnadi ni kitu gani, yaani mlolongo wa waliopokezana habari. Kila simulizi iandikiwe isnadi yake hata ikiwa fupi: fulani, mkulima wa Pujini, amepokea kwa bibi yake mzaa mama. Majina kamili yabaki katika daftari la mwandishi, na katika makala itajwe kazi ya msimulizi, mahali pake na umri wake wa kukisia, isipokuwa mwenyewe ametaka atajwe. Faida ya isnadi huonekana pale wasimulizi watatu wanapotoa habari moja kwa maneno yale yale. Kwa haraka mtu angesema kwamba habari imethibiti. Lakini huenda wote watatu wameipokea kwa mtu mmoja, au kwa mtembeza wageni, au kwa kitabu. Maofisa wa Kiingereza walikuwa wakiandika kuhusu Pujini tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na hadithi ikitoka kijijini, ikaandikwa Kiingereza, ikasomwa mjini, hurudi kijijini ikiwa imevaa nguo nyingine. Binafsi humwamini zaidi msimulizi anayesema "hilo sikusimuliwa" kuliko yule mwenye jibu la kila swali.

Wanawake wasisahauliwe. Sehemu mashuhuri ya hadithi hii inahusu wake wawili wa mfalme, na bado waandishi wengi huandika baada ya kuzungumza na wanaume watupu barazani. Anayeweza kumtuma dada au mwalimu wa kike akakaa na akina bibi uani atapata mambo ambayo hayafiki barazani. Lugha nayo iachwe kama ilivyo: msimulizi akisema kwa Kipemba, iandikwe Kipemba, na Kiswahili sanifu kije baada yake kama maelezo. Anayesanifisha maneno ya mzee tangu mwanzo huwa amekwisha kuyaandika yake.

Kuyasoma magofu

Magofuni kusifikiwe na mtu peke yake. Aende na mwenyeji aliyeelekezwa na sheha, na anayetaka kufanya zaidi ya kuangalia, kama kupima au kupiga picha za kuchapisha, apitie kwanza kwa wahusika wa Makumbusho na Mambo ya Kale. Ofisa wa jumba la makumbusho lililomo katika ngome kongwe ya Chake Chake atamwonyesha njia, na kulitembelea jumba hilo kabla ya Pujini kunamsaidia mtu kujua anachokwenda kukitazama. Asichimbe, wala asiokote kigae hata kimoja. Kigae kilicho mahali pake ni ushahidi wa mahali hapo, ila kikishatiwa mfukoni hakisemi tena kimetoka wapi. Msimu wa masika majani huwa marefu na mengi hayaonekani, kwa hiyo wakati wa kiangazi ni bora.

Mgeni hukimbilia kisimani. Mwandishi aanzie nje. Alizunguke boma taratibu, akiangalia lile tuta kubwa la udongo na kifusi linalozunguka eneo karibu mraba, sehemu zenye kuta za mawe na chokaa, na upande unaoelekea bahari, ambako kuna dalili za mfereji na mahali pa kuegeshea vyombo karibu kabisa na ngome. Apime kila upande kwa hatua, achore ramani ya mkono na kuandika upande wa kaskazini. Ramani mbaya iliyochorwa pale pale ina manufaa kuliko picha mia moja za simu zisizojulikana zilipigwa zikielekea wapi.

Akiwa juu ya tuta lile, mwandishi airejee hadithi ya watu waliokokota mawe. Tuta haliwezi kumwambia kama walikwenda kwa makalio. Linamwambia kwamba udongo wote huu na mawe haya yalihamishwa na watu kwa mikono na vichwa, na kwamba aliyeamuru kazi hiyo alikuwa na nguvu ya kuwatoa watu mashambani mwao na katika uvuvi wao kwa muda mrefu. Boma la namna hii si jambo la kawaida katika miji ya kale ya Waswahili. Mji wa kawaida ulikuwa na msikiti, makaburi na nyumba, na hata palipokuwa na ukuta haukuwa tuta la udongo lenye kuficha kila kilichomo ndani. Hapo masimulizi na mawe yanakaribiana sana bila ya kuwa kitu kimoja: hadithi inalalamikia shuruti, na tuta linaonyesha ukubwa wa kazi.

Kuna la kukumbuka zaidi. Wapemba wengi wa karne ya 15 walikaa katika nyumba za miti na udongo zilizoezekwa makuti, na nyumba hizo haziachi magofu ya kumwita mtalii. Anayeandika kwa kutazama mawe tu huandika historia ya mwenye mawe. Basi makala iwe na sehemu, hata fupi, ya wale waliotwishwa, na hapo masimulizi hayana badala.

Mfano wa kisima

Kisima cha Pujini ndicho kinachofaa kufundishia namna ya kuandika, maana hapo mashahidi wawili wanasimama mahali pamoja. Masimulizi yanasema kwamba Mkama Ndume alikuwa na wake wawili waliooneana wivu kiasi cha kutoweza kukutana; akakigawa kisima kwa ukuta katikati, mke mmoja akateka kwa ndoo na kamba kutokea juu, na mwenziwe akashuka kwa ngazi kwa upande wake. Mwandishi mvivu ataandika: "Mkama Ndume aliwajengea wake zake kisima chenye sehemu mbili." Sentensi hiyo imetia mambo mawili katika chungu kimoja. Afadhali aandike hivi:

"Ndani ya boma kuna kisima ambacho wenyeji wanakinasibisha na wake wawili wa mfalme. Inasimuliwa kwamba wake hao hawakupikika chungu kimoja, na kwamba kisima kiligawanywa kwa ukuta ili kila mmoja ateke maji bila ya kumwona mwenziwe, mmoja kwa kamba na mwengine kwa kushuka ngazi. Kilichopo leo kinaonyesha ufundi wa kuyafikia maji ndani ya ngome bila ya kutoka nje, jambo la lazima kwa anayetazamia kuzingirwa."

Sentensi ya kwanza inaeleza kitu na wanaokihusisha na hadithi. Ya pili ni masimulizi matupu, na kitenzi "inasimuliwa" kimewekwa mwanzoni ili msomaji asipotee. Ya tatu ni hoja ya mwandishi mwenyewe, inayotokana na kuona. Kiswahili kina vitenzi vya kutosha kwa kazi hii. "Inasimuliwa", "yasemwa" na "wenyeji wanakinasibisha" vitumike kwa mapokeo. "Kuna", "kinaonyesha" na "kimechimbuliwa" vitumike kwa vinavyoonekana. Kinachotakiwa ni kutovibadilishana ovyo katikati ya aya.

Wala isidhaniwe kwamba hadithi ya wake wawili ni ya kupitia haraka kwa sababu haithibitiki. Inaeleza jinsi watu walivyomwona mfalme aliyeweza kuwatwisha mawe wanakijiji wote lakini akashindwa kuisuluhisha nyumba yake mwenyewe. Katika kijiji ambacho kila mtu anamjua mwenye wake wawili, dhihaka hiyo haihitaji kufafanuliwa, na nadhani ndiyo sababu imeishi kuliko habari nyingine za mfalme huyu.

Siwa na mzimu

Upo ushahidi mwengine ambao waandishi wengi huupita, nao ndio mzito kuliko yote kwa anayetafuta urithi wa mfalme. Ndani ya boma mna mahali pa chini ya ardhi panaposhukiwa kwa ngazi, na wachimbaji walikuta humo umbo la siwa lililofanywa kwa chokaa ukutani. Siwa ni pembe la kupulizwa la wenye enzi. Siwa ya pembe ya ndovu ya Pate na ile ya shaba ya Lamu ni mashuhuri pwani nzima, na Unguja nako Mwinyi Mkuu, mtawala wa jadi wa kisiwa hicho, alikuwa na siwa na ngoma zake katika kasri ya Dunga mpaka katika karne ya 19. Siwa haikupulizwa ovyo. Ilipulizwa kwenye harusi, tohara na sherehe za wakubwa, na asiyekuwa na haki nayo hakuigusa.

Kwa hiyo mwandishi asome maana mbili pamoja. Aliyelijenga boma alijihesabu miongoni mwa wenye siwa, sawa na wakubwa wa Pate na Lamu. Na alama hiyo hakuiweka mlangoni ikaonekana na kila mpita njia, aliiweka chini, mahali panapochukuliwa kuwa pa mzimu. Ufalme wake ulikuwa wa dini ya Kiislamu, ila ulizungumza pia na nguvu za ardhi. Habari hii iandikwe kwa adabu. Asiandike kwa kejeli juu ya wanaoamini mzimu, wala asitunge vioja ili kuwatisha watalii. Akikuta kitu kimewekwa pale na waliotangulia, asikiguse wala asikipige picha bila ya kumuuliza mwenyeji aliyefuatana naye.

Jina, nasaba na wanawe

Jina Mkama Ndume ni lakabu. Jina analotajwa nalo katika mapokeo ni Muhammad bin Abdulrahman, na makala iyataje yote mawili mara moja mwanzoni, kisha ibaki na lile la watu. Asili yake ya Kishirazi, ambayo wengine huisisitiza sana, ishughulikiwe kama zinavyoshughulikiwa nasaba nyingine za pwani: iandikwe kwamba wasimulizi wanamnasibisha hivyo, na ielezwe kwamba nasaba ya Shirazi ilikuwa pia njia ya kudai heshima na uenyeji wa muda mrefu. Hakuna haja ya kurasa kumi za mabishano.

Kuhusu wanawe, anayetajwa sana ni Haruni, anayehusishwa na Chwaka karibu na Tumbe, kaskazini mwa kisiwa, na hata yeye hakuachwa na sifa ya ukali wa baba yake. Anayeweza kufika huko afike, maana eneo hilo linamfundisha mtu subira. Tumbe ilikuwa na watu tangu karne ya 7 hadi ya 10, na Chwaka ikastawi kuanzia karne ya 11 hadi ya 16, kwa hiyo mji ulikuwa mkongwe kabla Haruni hajazaliwa. Jirani yake kuna makaburi ya Wamazrui, watu wa zama nyingine kabisa, na ni rahisi mgeni kutoka hapo akiwa amewafanya wote ukoo mmoja. (Msikiti mmoja wa hapo huitwa Msikiti Chooko, kwa masimulizi kwamba chooko (choroko) zilichanganywa na chokaa ili ishike. Fundi niliyemuuliza alicheka, lakini hakukataa.)

Kupanga makala na kurudisha nakala

Makala isianze na kuzaliwa kwa mfalme, kwa sababu hakuna cha kuanzia hapo. Ianze na boma, ifuate masimulizi, kisha kisima na siwa, na nyakati zielezwe pale msomaji anapozihitaji. Masimulizi yanayopingana yawekwe yote mawili, bila ya kuchagua moja kwa kuwa linapendeza. Mwisho wa mfalme, ambao wengine huutaja kuwa ni mkono wa Wareno, uandikwe kama mapokeo, pamoja na taarifa kwamba nyakati hazipingani nayo.

Baada ya kuandika, rasimu isomwe kwa sauti mbele ya wasimulizi waliotoa habari, wala isitumwe tu kwa simu. Wazee wengi husahihisha wanaposikia kuliko wanaposoma, na hapo huongeza walichokisahau siku ya kwanza. Anayekataa sehemu ya maneno yake aondolewe sehemu hiyo. Kisha zitolewe nakala nne: moja kwa sheha, moja kwa maktaba ya skuli iliyo karibu na Pujini, moja kwa jumba la makumbusho la Chake Chake, na moja, pamoja na rekodi za sauti zenye tarehe, mahali na isnadi, ipelekwe Nyaraka za Taifa, Kilimani, Unguja.